Copenhagen au Amsterdam kwa mgeni mwenye baiskeli?

Mgeni anayeanza kuendesha baiskeli ughaibuni, mimi ningempeleka Copenhagen kwanza. Njia nyingi za baiskeli zimeinuliwa kwa ukingo, kwa hiyo gari halikusogelei ovyo. Huko magari hupita kulia, lakini kukata kushoto hakukuingizi katikati yake: unavuka hadi kona ya mbele, unageuza usukani, unangoja taa. Ukitaka kusimama, inua mkono ili walio nyuma wakuone. Ukichoka, treni za S-tog, za mji na vitongoji vyake, zinabeba baiskeli bure tangu 2010.

Amsterdam inapendeza zaidi macho, mifereji kila upande, na vivuko vya nyuma ya stesheni kuu havina nauli. Lakini jamani, reli za tramu, zile treni za barabarani! Tairi jembamba likidumbukia humo, umekwenda chini. Zikate moja kwa moja, usizivuke kwa mshazari.