Kioo cha Probox kutoka Grogan: nyota nne

Kioo cha pembeni cha kushoto cha gari langu, Toyota Probox, kilinyofolewa na mwizi kwenye foleni ya Ngara, Nairobi, mimi mwenyewe nimekaa ndani naangalia. Kila niliyemsimulia alinijibu vilevile: nenda Grogan, barabara ya maduka ya spea za magari, huenda ukauziwa kilekile.

Kibao cha barabara kinasema Kirinyaga, jina la Mlima Kenya kwa Kikuyu, lililowekwa baada ya uhuru. Lakini mwambie wa boda akupeleke Kirinyaga, atadhani unaenda Kerugoya. Sema Grogan, mtafika.

Kijana wa duka alinipokea vizuri. "Karibu mama, Probox ya mwaka gani?" Akamwaga vioo vitatu kutoka kwenye gunia. Viwili vilikuwa vimekwaruzwa kwa msasa pale watu wanapochora nambari ya gari, dalili kwamba ni vya wizi. Hivyo nikavirudisha bila maneno. Cha tatu kilikuwa safi. Alianza na 3,500, tukaelewana 2,200 pamoja na kufungiwa.

Akiwa anafunga nikamuuliza kama anajua Grogan ni nani. "Si mtu, mama. Ni injini ikikataa kuwaka: gro-gan, gro-gan, gro-gan." Nilicheka hadi fundi wa redieta wa jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nikamweleza. Ewart Grogan alikuwa mlowezi Mwingereza, yule aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo, sehemu kubwa kwa miguu, akamaliza mwaka 1900, ili akubaliwe kumwoa Gertrude Watt. (Hospitali ya watoto ya Gertrude's, ndiye huyo mke.) Na mwaka 1907 aliwachapa viboko Waafrika watatu, wavuta riksho, hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja.

Bisibisi ilisimama. "Walikuwa wamefanya nini?"

"Ati waliwakosea heshima wanawake wa kizungu."

Akakaza skrubu moja, akafikiri. "Basi mimi nabaki na ya injini."

Kama unaenda, nenda asubuhi, beba kile kilichovunjika uwaonyeshe, na usiache gari peke yake huku unatafuta spea yake. Kioo kinaonyesha vizuri, ila nikipita kilomita 80 kinatetemeka. Nilipofika nyumbani nikainama kuangalia: skrubu ni mbili tu, ya tatu ni waya. Nyota ya tano imebaki hapo.