Sarafu yangu ya chuma ya Song imeharibiwa njiani

Nyota moja, na hiyo nimeipa sarafu, si muuzaji.

Niliagiza mtandaoni sarafu ya chuma ya Song ya Kusini, dola ya kale ya China, ya enzi ya Chunxi (jina la kipindi cha utawala wa mfalme), kutoka kiwanda cha sarafu cha Tong'an. Kwenye picha mgongo wake ulikuwa unasomeka vizuri sana: juu ya tundu la mraba herufi ya kiwanda, chini yake namba 15, yaani mwaka wa 15 wa Chunxi, 1188. Namba hiyo ndiyo iliyonitoa pesa mfukoni. Walianza kuweka mwaka mgongoni 1180, na mimi ndizo ninazozitafuta.

Mzigo umefika, nakuta imeviringishwa kwenye pamba yenye unyevu, ikatiwa mfuko wa plastiki na kuzibwa kwa gundi. Chuma cha miaka zaidi ya 800! Pamba imegeuka rangi ya chungwa, imejaa vibanzi vya kutu. Kichina 15 huandikwa alama ya 10 kisha ya 5; ile 5 imebanduka yote, imebaki 10. Sasa ukiisoma utadhani ni ya 1183.

Nikamwandikia kwa heshima, na picha nikaambatisha. Akanijibu: "Chuma ndivyo kilivyo, kinashika kutu. Ungenunua ya shaba." Kisha kimya, hadi leo.

Jamani, ya shaba! Huko Huai, mpakani mwa Song, watu walipewa za chuma makusudi, ili shaba isivuke mpaka kwenda kwa Wajin, mahasimu wao wa kaskazini. Historia yote ya hii sarafu iko kwenye hicho chuma. Za Song zilizofukuliwa Kajengwa, kule Makunduchi, ni za shaba, na udongo wa Unguja haukuzimaliza. Chuma hakivumilii hivyo, na anayekiuza ndiye wa kwanza kutakiwa kulijua hilo. Angeiweka pakavu, na kile kipakiti cha silika kinachokuja ndani ya boksi la viatu. Basi.

Bei ilikuwa nzuri, sikatai. Na naamini ni halisi: kutu yake imetokea ndani, si ya kupakwa, na herufi nne za mbele ziko wima. Nilikaribia kumwongezea nyota ya pili. Lakini kila nikiigeuza nikaiona ile 10 iko peke yake, hasira inapanda upya. Msinunue kwake vitu vya chuma. Vya shaba labda... hapana, hata vya shaba msinunue. Anayemjibu mteja vile hafai kushika vitu vya watu wa kale. Anirudishie pesa yangu.