Maabara ya homoni mjini Mwanza: mchukua damu hodari, mapokezi mh!

Nyota tatu. Zingefika nne kama mtu angeruhusiwa kupita mapokezi na kwenda moja kwa moja kwa yule kaka anayechukua damu.

Nilimpeleka mdogo wangu, kijana wa miaka 17. Picha ya MRI ilionyesha uvimbe wenye maji karibu na pituitari, tezi ndogo ya homoni chini ya ubongo, daktari akaandika vipimo vitatu vya damu: prolaktini (homoni ya maziwa, hutoka kwenye tezi hiyo), AFP (protini) na beta-HCG (homoni ya kipimo cha mimba). Mdada wa mapokezi kuiona HCG akacheka, foleni nzima ikisikia: "Huyu wa kiume mnampima mimba?" Dada yangu, HCG haitoki kwenye kondo la nyuma peke yake. Kuna uvimbe wa ubongo unaotokana na seli za uzazi. Mwingine humwaga HCG kwenye damu, mwingine AFP, na daktari anataka kulijua hilo kabla hajashika kisu. Anayekaa dirisha lile alipaswa angalau kunyamaza.

Kaka anayechukua damu sasa. Kabla hata hajamfunga mpira mkononi, aliuliza dawa zote anazomeza. Nikataja ya kuzuia kutapika, metoklopramidi. Akaweka sindano chini: hiyo hupandisha prolaktini, jibu litatudanganya. Akampigia daktari yeye mwenyewe, tukaambiwa dawa isimame siku kadhaa kwanza. Nilinuna, meza yangu ya sangara pale Kirumba nimeiacha haina mtu. Ila nyota zote tatu ni zake.

Majibu yakatoka. AFP na HCG kawaida, ingawa daktari anasema hiyo haifuti kila kitu. Prolaktini: 64. Sitini na nne ya nini? Karatasi haikusema! Vizio ni viwili, na ng/mL 1 ni kama mIU/L 21, kwa hiyo 64 ya kwanza imepanda, 64 ya pili iko chini. Nikateremka mlima wa Bugando, iliko hospitali, kurudi maabara mjini, kuandikiwa "ng/mL" na kugongewa muhuri.

Daktari akasema imepanda kidogo tu. Uvimbe mkubwa unaotengeneza prolaktini wenyewe mara nyingi huvuka 200. Huu yaelekea unabana tu shina la tezi, na breki ya prolaktini inalegea. Vidonge vya kushusha prolaktini havitausinyaza, ni upasuaji, na kinyama kitapimwa.

Bei imechangamka na bima hawapokei. Mwulizieni kaka wa zamu ya asubuhi, na msibanduke dirishani kabla hamjaona kizio kimeandikwa.