Nilibadili sauti ya video, mjomba akadhani Bibi kapata kiharusi

Programu hii nimeipa nyota moja. Najua wapo mtakaosema kwenu inafanya kazi vizuri. Hata kwangu ilifanya kazi vizuri kwa miezi, ndiyo maana nikaiamini na kitu ambacho sikupaswa kuiamini nacho.

Jina la programu silitaji. Ni moja ya hizi za kuediti video kwenye simu. Kazi niliyotaka ilikuwa moja tu: kutoa sauti mbaya kwenye video na kuweka nzuri mahali pake. Basi. Sikutaka vikolombwezo, sikutaka maua yanayoruka wala maandishi yanayocheza.

Muda si mrefu baada ya Idi tuliozesha hapa Tanga, binti wa dada yangu. Usiku wa kuamkia ndoa Bibi akasema ana maneno kwa bibi harusi, na anataka yarekodiwe ili mwanawe aliyeko Muscat ayasikie. Huyo mwanawe ndiye mjomba wangu, na ana miaka mingi hajarudi. Bibi ameshapita themanini, hasimami kuhutubia kila siku. Wanawake tukakaa uani, Bibi akakalishwa kwenye kiti chenye mto, nikasimamisha simu moja mbele yake hatua kama sita hivi. Umeme ulikuwa umekatika, na jirani ana jenereta lililopo ukutani kabisa kwetu. Nilijua tangu mapema kwamba simu ile ya mbele itarekodi jenereta zaidi ya Bibi. Nikachukua simu ya pili, nikaiweka irekodi sauti tu, nikaificha kwenye mkunjo wa kanga mapajani pake. Nikapiga kofi moja kubwa katikati ya simu hizo mbili ili baadaye nipate pa kuzilinganishia. Hilo nilifundishwa na mpiga picha mmoja wa harusi, na ni ushauri mzuri kuliko wote niliowahi kupewa kwenye mambo haya.

Sauti ya mapajani ilitoka safi mpaka nikalia. Unamsikia Bibi anavyovuta pumzi kabla ya kutaja jina la marehemu babu. Unasikia bangili. Jenereta liko mbali kama nyuki. Akazungumza dakika 23, na mwisho, bila mtu kutarajia, akainua kiganja mdomoni akapiga kigelegele chake mwenyewe, kimoja, kirefu, uani kote kukasimama.

Usiku uleule nikakaa na programu. Nikaingiza video, nikazima sauti yake, nikapachika ile ya mapajani chini yake, nikavuta mpaka mshindo wa kofi ukakaa sawasawa na viganja vyangu vinapokutana. Nikaichezesha humohumo ndani ya programu: mwanzo sawa, katikati sawa, mwisho kigelegele kinatoka mdomoni pake. Nikabonyeza kusevu. Dakika 40 simu iko kwenye chaji, imepata moto hata kushikika haishikiki. Ilipomaliza nikatazama dakika mbili za mwanzo, maneno na mdomo vinaenda pamoja, nikamtumia mjomba kama faili ili isibanwe ikapoteza ubora. Bando la wiki nzima likaondoka hapo. Nikalala.

Saa sita usiku simu inalia. Kwao ni saa saba. Kwetu simu ya saa hizo kutoka ng'ambo ina maana moja tu, nikapokea nikiwa nimeshasimama.

Mjomba hakunisalimu. Akasema, "Mwanangu, niambie kweli. Mama kapata kiharusi mnanificha?"

Sikuelewa. Nikamwambia Bibi yuko salama, amelala. Akasema, "Mbona mdomo wake hauendi na maneno? Mwanzo anasema vizuri, baadaye mdomo unafunga na sauti inaendelea. Mkono anauinua, neno linakuja mkono umeshashuka. Nyie mnanificha."

Mwenye ndugu nje atanielewa. Aliye mbali huambiwa mambo mwisho. Babu alipougua, mjomba aliambiwa ana homa kidogo. Taarifa ya pili ikawa ya msiba. Kwa hiyo hofu yake haikuwa ya bure, na mimi sikuwa na neno la kumtuliza kwa sababu hata mimi sikujua anachokiona. Ikabidi Bibi aamshwe. Mwanamke wa umri ule, aliyeshinda kwenye shughuli tangu alfajiri, anaamshwa usiku wa manane athibitishe kwamba mdomo wake ni mzima. Akaishika simu kwa mikono miwili, akamwita mwanawe kwa jina la utotoni, akamwambia akalale. Mjomba akawa analia. Ndoa ni kesho yake asubuhi, na nyumba nzima imeamka.

Nilipofungua lile faili na kulitazama lote ndipo nikaona. Dakika ya tano hujui kitu. Dakika ya kumi unahisi kuna jambo, huwezi kulisema. Dakika ya kumi na tisa Bibi anatania habari ya sufuria la pilau lililoungua siku ya harusi yake, anacheka, kisha ghafla ananyamaza anajifuta jicho kwa ncha ya ushungi. Kwenye faili lile, uso unaolia ndio unaotoa kicheko. Na mwisho, mkono umeshashuka mapajani, midomo imefumba, ndipo kigelegele kinasikika. Mjomba aliona mama yake akipiga kigelegele na mdomo uliofungwa.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Ninalipia kila mwezi, si mtumiaji wa bure wa kuvumilia matangazo. Nikaeleza kwa adabu, nikataja dakika, nikaambatanisha kipande. Jibu likaja baada ya siku kadhaa: sauti niliyorekodi ina kasoro, nirekodi tena katika mazingira yenye utulivu. Nikasoma mara tatu. Nirekodi tena! Bibi arudishwe kitini, umeme ukatwe tena, kitukuu aposwe upya? Nikaandika mara ya pili kwamba ndani ya programu vinalingana, vinaachana kwenye faili lililoseviwa. Wakanijibu maneno yaleyale, herufi kwa herufi, na chini yake wakaniuliza nimeridhika kiasi gani na huduma.

Kuambiwa kosa ni langu ndiko kulikonikaa rohoni kuliko hata bando. Nikaamua kuhakiki. Nikachukua video ya asili, ile yenye jenereta, isiyoguswa. Kofi liko sekunde ya nane, kigelegele kinaanza dakika ya 22 na sekunde 51. Nikachukua sauti ya mapajani, nikaikata mwanzo ili kofi nalo liwe sekunde ya nane. Kigelegele kinaanza dakika ya 22 na sekunde 51. Simu mbili tofauti, zimekubaliana kwa kiasi ambacho sikio langu halipati tofauti. Kisha nikafungua faili lao. Sauti, 22 na 51. Picha ya kiganja kikipanda mdomoni, sekunde moja na ushei kabla. Sauti yangu haina kasoro yoyote. Picha ndiyo iliyokimbizwa.

Kijana wa dada yangu, mdogo wake bibi harusi, ndiye aliyenieleza kwa nini, na tangu hapo nimesoma mwenyewe nikaona ni jambo linalojulikana kabisa. Video ni mfululizo wa picha, fremu, na kila fremu imeandikiwa wakati wake. Simu nyingi hazishiki kasi moja. Mwanga ukipungua huweza kupunguza fremu. Yangu ilitoa wastani wa 29.97 kwa sekunde. Programu wakati wa kusevu haikutazama wakati ulioandikwa, ilizihesabu tu na kuzipanga 30 kila sekunde. Tofauti ni moja kwa elfu. Klipu ya nusu dakika unapoteza sekunde 0.03, hakuna jicho la binadamu litakaloliona. Kwa dakika 23 ni karibu sekunde 1.4. Ndiyo kigelegele cha Bibi. Na wakati wa kuichezesha humo ndani inafuata saa vizuri, kwa hiyo unapokagua unaona kila kitu kiko sawa. Hapo ndipo ninaposhindwa kuwasamehe: wanakuonyesha kazi moja, wanakukabidhi nyingine.

Kabla hajaja yule kijana nilikuwa nimeshaanza kuirekebisha kwa mkono. Nilikata sauti vipande 14, kila Bibi anapopumua, nikasogeza kila kipande kuelekea mwanzo kidogokidogo, nikasevu, nikatazama, nikasogeza tena. Nilimaliza usiku mbili. Ilikaribia. Nikiri kwamba kukata na kusogeza kwenye programu hii ni rahisi mno, vidole vinajua pa kwenda, mistari ya sauti inaonekana vizuri hata kwenye kioo changu chenye ufa. Sijaona nyingine ya simu inayoifikia hapo. Usiku ule wa pili nilikuwa tayari kuipandisha nyota tatu, wallahi.

Kisha kijana akaja. Akasema, "Mamdogo, kwani unaiunda picha upya ya nini?" Akaweka kwenye simu yangu Termux, programu ya kuandikia amri, kisha ndani yake FFmpeg, chombo cha kushughulikia video na sauti kwa amri, vyote vya bure. Akaandika mstari mmoja wa amri. Maana yake ni hii: chukua picha ya faili la kwanza kama ilivyo, chukua sauti ya faili la pili kama ilivyo, zifunge pamoja, usiguse kitu. Faili la video ni kama mfuko wenye picha upande mmoja na sauti upande mwingine. Kubadili sauti ni kutoa hii na kutia ile. Nikageuka kuchukua chai. Niliporudi ilikuwa imemaliza. Sekunde, si dakika. Simu haikupata hata vuguvugu. Nikaitazama dakika zote 23, mara hii sikuruka hata moja, na kicheko kikatoka kwenye uso unaocheka, kigelegele kikatoka chini ya kiganja.

Ndipo hasira ikanipanda upya kuliko mwanzo. Dakika 40 za kuichemsha simu yangu, kuunda upya kila picha, na kuziharibu katika kuziunda, kwa kazi ambayo haikuhitaji picha kuguswa kabisa! Na kwa hilo nalipa kila mwezi. FFmpeg ipo tangu mwaka 2000. Waliounda programu hii wanaijua, hawawezi kutoijua. Wangeweka kitufe kimoja tu, badili sauti bila kugusa picha, nisingeamshwa usiku.

Haki ni haki lakini. Njia ya kijana si ya kila mtu. Ukikosea herufi moja ya amri haikwambii umekosea wapi kwa lugha ya binadamu, na kukata sauti ianzie penye kofi ilibidi tufanye kwanza kwa programu nyingine. Bibi harusi mwenyewe alijaribu akaacha. Kama video yako ni fupi, dakika moja mbili, sitakuzuia kuitumia hii ya kulipia, hutaona tofauti. Kama ni ndefu, ni hotuba, ni mawaidha, ni mtu mzima anayezungumza na huna uhakika kama utampata tena kumrekodi, usiisevu nayo. Ukilazimika, itazame mpaka mwisho kabla hujaituma, hasa mwisho. Na piga kofi mwanzo na mwisho. Sisi hatukupiga kofi la mwisho, tuliokolewa na kigelegele cha Bibi.

Mjomba nilimtumia ile iliyo sawa. Alijibu kesho yake kwa ujumbe wa sauti wa sekunde chache, akasema ameisikia bangili.

Jana binti yangu ametumia programu hiihii kuweka sauti kwenye klipu yake ya sekunde 40 ya shule, maana mwezi niliolipia haujaisha. Imetoka vizuri sana, mwalimu wake ameisifu. Nikasema basi, nisiwe mkali, niwape mbili. Nikafungua nibadilishe. Lakini kila nikiikumbuka ile sauti ya saa sita usiku, "Mama kapata kiharusi mnanificha?", kidole kinakataa. Imebaki moja.