Zoom, Meet au voisi za WhatsApp? Kuunganisha darasa la Mbagala na la Uskoti

Walimu wenzangu, na wazazi mnaoniuliza hii habari ya kuunganisha darasa la huku na darasa la nje inafanyaje kazi, leo nimepata nafasi niandike yote kwa pamoja. Nafundisha jiografia sekondari ya serikali upande wa Mbagala, na tangu 2024 kidato chetu cha pili kinashirikiana na darasa moja la karibu na Edinburgh, Uskoti. Tumetumia Zoom ya bure, tumetumia Google Meet ya bure, tumetumia WhatsApp, na kuna spika moja ya mkutano tuliyonunua Kariakoo ambayo nitaisifia hapa mpaka mchoke. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: hela ya kwanza iende kwenye sauti, picha baadae, na kazi yenyewe ifanyikie kwenye voisi za WhatsApp, yaani ujumbe wa sauti wa kurekodi, mkutano wa video uwe wa kuonana sura na kusalimiana.

Tuanze na hizo programu maana ndo kila mtu anauliza. Zoom ya bure inakata baada ya dakika 40 na inabeba mpaka watu 100. Watu wanazilalamikia sana hizo dakika 40 ila jamani kipindi chetu sekondari ni dakika 40 hizohizo, kwa hiyo kwa kipindi kimoja inatosha kabisa ilimradi usianze kuhangaika na waya wakati linki imeshafunguliwa. Ukiwa na dabo, yaani vipindi viwili mfululizo, ndo inakubana, lazima mtoke muingie tena, na darasa la watoto sabini likishatulia halafu skrini ikazima kulirudisha ni kazi. Meet ya bure ndo nimeipenda zaidi kwa matumizi yetu. Yenyewe inakata saa moja ikiisha kama mko vifaa vitatu au zaidi, ila mkiwa vifaa viwili tu haina hiyo habari, unaongea mpaka masaa 24 ukitaka, na madarasa mawili yenye laptopu moja kila upande ni vifaa viwili basi, haijalishi nyuma ya laptopu wamekaa watoto wangapi. Hiki kitu walimu wengi hawakijui wanaenda kulipia. Waliokuwa wanatumia Skype zamani washajua, ilifungwa Mei 2025, kwa hiyo ukikutana na muongozo unaokwambia pakua Skype huo umepitwa na wakati.

Upande wa bando, kwetu dakika arobaini za video zinakula kama GB moja hivi, kuna siku inapungua kuna siku inazidi. Mtandao ukianza kukwama nazima kamera yetu tunabaki tunawaona wao, hapo inapumua. Na kuna mambo yako nje ya uwezo wa mwalimu yeyote, kama ile Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima intaneti ikawa ya kubahatisha siku kadhaa, wiki ile tulikuwa tumepanga kuonana tukaahirisha. Watoto waliumia ila tulipata somo zuri sana la jiografia pale pale, maana wengi waliamini intaneti inatoka kwenye minara na setelaiti, hawakuwahi kufikiria kwamba kuna waya umelala chini ya Bahari ya Hindi unakuja mpaka hapa Dar.

Sasa sauti. Yaani hapa ndo watu wanapotea. Shule nyingi wakipata mradi kama huu wanakimbilia projekta na kamera ya nje, halafu sauti wanachomeka sabufa ya ofisini. Sabufa inapiga kwa nguvu kweli, lakini maiki ya laptopu inasikia kile kinachotoka kwenye sabufa inakirudisha kule kwa wenzenu, kwa hiyo wao wanajisikia wenyewe kwa mwangwi, wanaacha kuongea, huku mnadhani wamekatika. Na madarasa yetu unayajua, sakafu ya saruji, kuta tupu, bati juu hamna dari, kila neno linagonga linarudi. Programu zinajitahidi kuufuta huo mwangwi ila kwa sabufa iliyokaa kona moja na maiki iko kona nyingine zinashindwa.

Kilichotuokoa ni ile spika ya mkutano, kile kidude cha duara kama kisahani ambacho maiki na spika vimo humohumo, unachomeka kwa USB. Kwa sababu kinajua chenyewe kinatoa sauti gani, kinaiondoa kwenye kile kinachosikia, mwangwi unaisha. Nilienda Kariakoo mtaa wa Aggrey na kule nyuma nyuma, maduka kama matatu wananipa spika za kawaida za muziki wananiambia madamu ni kitu kilekile, hapana sio kitu kilekile. Kijana mmoja ndo alielewa, akaniambia "madamu unataka ile ya watu wa ofisi," akaitoa, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akapiga simu ya WhatsApp kutoka hapohapo mimi nikatoka nje barabarani nikawa namsikiliza kwenye simu yangu huku yeye anaongea akiwa mbali na meza. Hivo ndo inavyotakiwa kujaribiwa, usikubali kuwashiwa muziki. Tulielewana laki na ishirini, na risiti nikapewa bila kuidai mara mbili. Nunua na waya wa kurefusha USB, maana hicho kidude mahali pake ni katikati ya darasa juu ya dawati, ukikiweka mbele kwenye meza ya mwalimu watoto wa nyuma hawasikiki kabisa na watakaoongea siku zote ni walewale wa mbele.

Kitu kimoja hakuna kidude kinachokiweza, mvua. Masika ikipiga kwenye bati hata mimi na mwanafunzi aliyesimama mbele yangu hatusikilizani. Kuanzia Machi mpaka Mei msipange mikutano ya video mingi.

Nije kwenye voisi, maana hapa ndo moyo wangu ulipo. Mkutano wa video una tatizo moja kubwa ambalo watu wakiona picha nzuri za watoto wanapunga mikono hawalioni: wanaongea watatu. Wale wenye Kiingereza cha kujiamini. Wengine sitini na kitu wanatazama. Hawana cha kuogopa kwa wenzao, ila Kiingereza wamekutana nacho kwa uzito kidato cha kwanza, shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili, sasa umsimamishe mbele ya skrini umwambie ongea sasa hivi na mzungu, atakwambia nini? Voisi inamuondolea hiyo haraka. Anaandika kwanza, anamsomea mwenzake, anarekodi, anasikiliza, anafuta, anarekodi tena, mpaka yeye mwenyewe aseme madamu hii itume. Dakika moja ya voisi haifiki hata MB moja, kwa hiyo kwa bando la mkutano mmoja wa video darasa zima linaongea na bando linabaki.

Kuna binti mmoja anakaa dawati la nyuma kabisa, kwenye video hajawahi kutamka neno. Kazi ilikuwa kila mtu aelezee maji ya nyumbani kwao yanatoka wapi. Alirekodi akasema kwao wana kisima lakini maji yake ni ya chumvi, wanafulia na kuoshea vyombo, ya kunywa mama yake ananunua kwa madumu. Amesema taratibu, sentensi fupi fupi, kila kitu kinaeleweka. Majibu yakarudi kutoka Uskoti, watoto wawili wanauliza kisima kiko mbali na bahari, chumvi inafikaje? Kesho yake asubuhi kabla ya kengele yule binti ananisubiri mlango wa ofisi ya walimu na hilo swali, anataka jibu awajibu. Tukachora wote ubaoni jinsi maji baridi yanavyokaa chini ya ardhi juu ya maji ya bahari, na watu wakichimba visima vingi wakavuta sana maji ya chumvi yanasogea ndani. Alirekodi jibu peke yake. Mimi miaka yote nafundisha maji ya ardhini sijawahi kusubiriwa mlangoni kwa ajili ya maji ya ardhini.

Tulifanya pia kubadilishana sauti za mtaani, bila maelezo, mwenzako akisie. Wetu wakatuma konda wa daladala anaita kituo cha Rangi Tatu, honi ya feri Kigamboni, mtu anakaanga chipsi, adhana ya alasiri. Wao wakatuma ndege wa baharini, kengele ya shule, upepo tu unavuma. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni na mimi nakubaliana na hilo, kwa hiyo za nyumbani walirekodi kwa simu za wazazi jioni wakanitumia, mimi ndo natuma.

Kazi iliyokolea kuliko zote ilikuwa ya vivuli. Machi 2025, wiki ile ya tarehe 20 ambapo jua linakuwa juu ya ikweta, kila darasa lilisimamisha fimbo ya mita moja uwanjani likapima kivuli kifupi kabisa cha mchana. Haiwezekani kupima pamoja kwenye video, maana jua la utosi kwetu linafika karibu saa sita na nusu na kwao linafika wakati huku kwetu imeshapita saa tisa, kwa hiyo picha na vipimo vilienda na kurudi kwa WhatsApp. Kivuli chetu kilikuwa sentimita 13, kimelala upande wa kusini. Mchana ule picha ya wao ikaingia, fimbo ileile ya mita moja, kivuli karibu mita moja na nusu, kimelala kaskazini! Darasa liliinuka. Mmoja akasema wamedanganya fimbo, ikabidi tuombe picha ya fimbo na rula pembeni, ikaja. Hapo tena hukuhitaji kumfundisha mtu kwamba dunia ni duara, tuligawa kivuli kwa fimbo, tukachukua tanjenti kwenye jedwali za hesabu kupata jua limeinama pembe gani kutoka utosini, pembe yetu kama digrii 7, ya kwao 56, kwa kuwa wako upande wa pili wa ikweta unajumlisha, 63. Kwenye atlasi kutoka mstari wetu wa latitudo mpaka wa kwao kaskazini ni kama kilomita 7,000. Ukigawa 360 kwa 63 ukazidisha na hizo 7,000 unaangukia kwenye 40,000, na mzunguko wa dunia kupitia ncha zake ni kilomita 40,008. Hesabu hii aliifanya Eratosthenes, mtu aliyezaliwa Cyrene, Libya ya leo, akiwa Alexandria pale Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwa kulinganisha na jua la Aswan. Yeye hakuwa na WhatsApp. Nikiulizwa teknolojia hii inasaidia nini naitaja hii wiki, kwa sababu darasa langu peke yake lisingeweza kupima hicho kitu hata tungekuwa na vifaa vya bei gani, ilihitaji macho mengine mahali pengine.

Muda wa mikutano mpange kwa makini. Sisi saa zetu hazisogei mwaka mzima, wao wanasogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Saa nane mchana kwetu wakati wa baridi yao ni saa tano asubuhi, wakishasogeza inakuwa saa sita, wanaenda kula. Na mihula haioani, wao wanafunga mwishoni mwa Juni mpaka katikati ya Agosti, sisi Juni tuko likizo, kwa hiyo katikati ya mwaka hesabu hakuna kitu.

Usalama wa watoto usiulegeze. Kundi letu la WhatsApp lina walimu tu, namba ya mtoto wala ya mzazi haiendi kule, voisi inatajwa jina la kwanza basi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na mimi wazazi wote nilikaa nao nikawaeleza wakasaini karatasi kabla hatujatuma hata picha moja. Wawili walikataa picha wakakubali sauti, tukaheshimu.

Wa kushirikiana nao sisi tulimpata kupitia mwalimu aliyewahi kujitolea hapa Dar. Kama huna mtu, waangalie iEARN, mtandao wa kuunganisha shule za nchi mbalimbali, hao wako kwenye hii kazi tangu 1988 walipoanza kwa kuunganisha shule za New York na Moscow. eTwinning mtaisikia sana pia ila ile imejengwa kwa ajili ya shule za Ulaya.

Nyota: Meet 4 kwa 5, Zoom 3 na nusu, spika ya mkutano 5, voisi za WhatsApp 5 na ningekuwa na ya sita ningetoa. Kamera ya nje msinunue, ya laptopu inatosha. Hela ikipatikana tena mimi naenda kuchukua betri ndogo ya ruta, kwa sababu umeme ukikatika laptopu inaendelea na chaji yake ila ruta inazima hapohapo, na hicho kibetri Kariakoo nimeshakiona, hakifiki hata bei ya ile spika.