Dalali wa nyumba: nimenunua nikiwa naye, nampa nyota 3 kati ya 5

Nimemaliza kununua nyumba juzi tu na mambo bado mabichi kichwani kwahiyo acha niandike sasa hivi, maana kila ninayekutana naye ananiuliza swali lilelile, dalali ni lazima au mtu unaweza kununua mwenyewe?

Mimi nilimtumia na hizo nyota 3 amezitolea jasho. Kwenye kutafuta jamaa ni moto. Mwenyewe nilihangaika miezi 4 mtandaoni, napiga simu naambiwa imeshauzwa, nyingine nafika nakuta picha na nyumba ni vitu viwili tofauti. Yeye ndani ya wiki 2 kanionyesha nyumba 9, anajua ipi mwenyewe ana haraka na hela, ipi imekaa sokoni muda mrefu bei inaongeleka, ipi ni ya mirathi na ndugu hawajaelewana (hizo aliniambia tusizisogelee kabisa, namshukuru mpaka leo). Hayo kwenye tangazo huyaoni.

Shida ikaja kwenye ukaguzi. Nyumba ya sita ilituingia moyoni, tukapita vyumba vyote, kufika stoo akasimama mlangoni anasema hapa ni pa kuwekea vitu tu, twendeni jikoni. Mke wangu akampita pembeni akaingia. Ukuta mmoja una rangi mpya, mingine yote rangi ya zamani. Akaubonyeza kwa kidole gumba chini karibu na sakafu, plasta ikamomonyoka ikabaki mkononi mbichi kabisa, kumbe nyuma kuna bomba linavuja siku nyingi. Dalali anasema hiyo kazi ya siku moja. Fundi tuliyemleta wenyewe alikaa humo karibu saa nzima akatoka anasema plasta yote ya ukuta ule ibanduliwe na sakafu ya stoo ifukuliwe.

Ndo hapo nikamuuliza, hivi wewe unalipwa na nani? Akajibu bila kuficha, na muuzaji. Sasa mimi muda wote naongea naye kama mtu wangu, mpaka mwisho wa bajeti yangu nilishamtajia! Hilo swali liulize siku ya kwanza kabla hujaona hata mlango.

Na hata ukimlipa wewe, piga hesabu. Tuseme kamisheni ni asilimia 3. Ukikomaa wiki 2 ukapunguziwa shilingi 100 kwenye bei, kwake hiyo ni shilingi 3 imepungua na wiki 2 zimepotea, kwahiyo lazima atakwambia lipa tu nyumba itachukuliwa. Sio kwamba ana roho mbaya, ndo malipo yake yalivyokaa. Ukiweza mlipe kiasi maalum mlichoandikiana. Marekani tangu Agosti 2024 madalali wa wanunuzi wengi wanatakiwa wasainishane mkataba na mteja kabla hawajamtembeza kwenye nyumba, na malipo yao yaandikwe humo, mimi naona ni jambo zuri sana. Uingereza ndo wanunuzi wengi hawana dalali wao kabisa, wana mwanasheria na mkaguzi wa majengo basi.

Na hao wawili ndo hela yangu iliyonifaa kuliko zote. Wakili alienda kwenye rekodi za hati akakuta nyumba imewekwa rehani benki na mkopo haujaisha, kitu ambacho dalali hakukigusia hata kidogo. Tungetoa advansi wiki ile tungelia. Akaandika kwenye mkataba kwamba benki inalipwa kwanza kutoka kwenye hela ya mauzo, hati iachiwe, ndo muuzaji apate kilichobaki. Na kwa ripoti ya fundi bei ikashuka.

Kama eneo unalijua na muuzaji unamjua, dalali wa nini? Weka wakili na fundi umalize. Kama ni mgeni wa eneo au kazini hupati nafasi, mchukue akutafutie. Wangu namba yake bado ninayo na rafiki akihitaji nitampa, ila nitamwambia bajeti yako usimtajie na wakili awe wako mwenyewe, sio wa kuletewa.