Daftari la tafakari za Majilio: zuri, ila kurasa hazitoshi

Daftari hili la kurasa 24 kwa ajili ya Majilio, kipindi cha Wakristo cha kujiandaa kwa Krismasi, linagusa mzigo halisi: hasira na huzuni zinazokuja Krismasi isipofanana na ilivyotarajiwa. Kila ukurasa una nafasi tatu: andika unachotarajia, taja hisia inayoambatana nacho, kisha ikabidhi kwa Mungu. Nguvu yake iko kwenye nafasi ya pili. Wengi hurukia maombi kabla ya kukiri uchungu, na uchungu huo huibuka mezani siku yenyewe ya sikukuu. Zaburi ya 13 imewekwa mahali pake hasa, maana huanza kwa kilio na kuishia kwa wimbo. Lakini Majilio huwa na siku 22 hadi 28, hivyo ongeza karatasi. Na kwa aliyefiwa, ukurasa mmoja wa maombolezo ni mchache mno.